Bango Langu Lililotiwa Paa Munisagara

Kilosa nilikwenda kwa hasira, tusidanganyane. Ilikuwa ile miaka ya kuhamia vijijini, nami nilikuwa mchoraji wa mabango katika ofisi moja ya Dar es Salaam. Siku moja simu ikapigwa kutoka wilayani. Tukaambiwa kwamba mwenyekiti wa kijiji kipya karibu na stesheni ya Munisagara ameyabandua mabango ya kuhimiza watu wahamie kijijini, ameyachafua, na Ijumaa atasimamishwa mbele ya kamati ya wilaya. Akionekana ana hatia atavuliwa uenyekiti, na huenda akawekwa ndani. Mkuu wangu wa kazi akataka mtu aende akayaone mabango hayo kabla ya kikao. Nilinyoosha mkono hata hajamaliza kusema, kwa sababu bango lile nililichora mimi.

Na halikuwa bango la kubahatisha, jamani. Nilisomea kazi hii ng'ambo, na huko walimu walitueleza jinsi wachoraji wa Ulaya, mwanzoni mwa karne, walivyochoka kuiga vitu kama macho yanavyoviona. Wengine waliivunja picha ya gitaa na chupa ikawa pembe na vipande. Wengine, katika nchi iliyokuwa imetoka kwenye mapinduzi, walichukua pembetatu nyekundu na maneno yaliyolala mshazari, wakayafanya yapige kelele ukutani. Kisha wakaja waliosema kila kisichofanya kazi kiondolewe: maua kwenye kiti, vikucha kwenye miguu ya herufi, hata paa la mgongo kwenye nyumba. Nyumba zao zilikuwa masanduku meupe, juu pametandazwa kama meza. Wachora mabango wakayafuata hayo yote, nami nikayafuata kwa moyo mmoja. Nilikuwa binti wa nchi iliyotoka kujitawala. Nilikulia kwenye mataji na nembo za wakubwa wa kikoloni, zenye manyoya na utepe, na mtu aliponiambia tufute yote tuanze na mraba na duara, niliona anasema juu ya nchi yangu.

Basi bango langu lilikuwa hivi: nyumba ya miraba mitatu myeusi, mstari mpana mwekundu ukipanda mshazari kutoka pembeni, na chini maneno mawili tu, tuhamie kijijini, kwa herufi ndogo zisizo na pambo lolote. Rangi mbili, basi. Wageni waliotembelea ofisi yetu walilisifu, mmoja akaomba nakala akaitundike kwao. Sasa leo mtu wa Munisagara analipaka uchafu! Nilifunga mkoba wangu nikisema moyoni nitamwona huyo.

Jumatano asubuhi nilipanda basi la Dodoma. Tulipita Morogoro jua likiwa limeshapanda, na mchana tukafika Dumila, njia panda ya kwenda Kilosa. Nilishuka hapo katikati ya wauza nyanya, vitunguu na mahindi ya kuchoma, nikatafuta kibanda cha chakula. Na nini nikione ukutani kama si bango langu, limebandikwa vizuri, bado jipya. Nilifurahi mno. Nikamuuliza mama aliyekuwa akinipakulia wali kama anajua linasema nini. Alisema ni la serikali. Nikamuuliza tena, linasema nini hasa? Akalitazama kwa heshima kabisa, kisha akanijibu kwamba linasema serikali imepita hapa. Nilimaliza wali wangu nikaenda kutafuta gari la Kilosa.

Jioni hiyo lori la pamba lilinifikisha Kilosa, vumbi mpaka kwenye kope. Afisa habari wa wilaya, Ndugu Mbaga, alinipokea stesheni. Alikuwa kijana mpole, na uchovu ulimjaa usoni. Alinitafutia chumba nyumba ya wageni, akanieleza mambo kwa sauti ya chini. Mwenyekiti mwenyewe anaitwa Yohana, alisomea shule ya misheni, na watu wanamheshimu. Yeye Mbaga hapendi kumwona akiaibishwa. Lakini karani aliyepita kijijini aliyakuta mabango yamechorwachorwa kwa mkaa, na siku hizi mtu akichafua tangazo la serikali anahesabiwa mpinzani wa vijiji. Aliniomba niyatazame kwa haki. Nilimjibu kwa mkato kwamba haki ndiyo iliyonileta, maana bado nilikuwa nimefura.

Alhamisi asubuhi nilipanda garimoshi la kuelekea milimani. Njia ile ni nzuri, siwezi kuinyima sifa zake. Mto Mkondoa unakwenda nawe, mara upande huu, mara upande ule, na vilima vinasogea karibu mpaka unaona migomba na moshi wa majiko juu kabisa. Nilishuka Munisagara pamoja na mwanamke mmoja tu, mwenye mfuko wa chumvi, ambaye alinionyesha njia. Kijiji kipya kilikuwa mwendo mfupi kutoka relini: mistari ya nyumba iliyonyooka, nyingi zikiwa kuta na fito tu, na shule iliyokwisha kuezekwa.

Mwenyekiti Yohana nilimkuta akikanda udongo wa ukuta, miguu imejaa tope. Ni mtu wa umri wa baba yangu, kwa hiyo hasira ikabidi isubiri. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza habari za safari na za huko nilikotoka, akanawa, akamwita mkewe, Mama Neema, alete kiti. Nililetewa ugali wa moto na maharage. Hakuna aliyetaja bango mpaka nilipomaliza kula. Mtu anakukirimu hivyo, utaanzaje kumgombeza? Niliposema mimi ndiye niliyelichora, Mama Neema aliacha kuondoa vyombo. Kisha akaingia ndani, akatoka na mabango yakiwa yameviringishwa kwenye kanga safi, akayatandaza juu ya mkeka mbele yangu.

Mabango yalikuwa mazima. Hakuna lililochanwa wala kutiwa uchafu. Ila juu ya ile miraba yangu mitatu, katika kila bango, mtu alikuwa ameongeza paa kwa mkaa. Paa la mgongo, lenye mistari ya bati, jingine limenyooka, jingine limekaa upande kama kofia ya mlevi. Nilihisi damu inanipanda. Nikamuuliza mwenyekiti kwa nini ameongeza kitu ambacho mimi nilikiondoa makusudi. Nikaanza hata kumweleza: nyumba ya kisasa, mzee, haihitaji paa la namna hiyo, macho yanataka umbo safi. Maneno mengi nilisema, nikiwa nimekaa kwenye kiti pekee cha nyumba ile.

Mzee Yohana alinisikiliza mpaka mwisho. Mama Neema ndiye aliyejibu.

"Dada, hiyo nyumba imeezuliwa."

Sikumwelewa. Akanionyesha kwa kidole kilima kilichokuwa nyuma ya shule, akanisimulia pole pole. Wengi wa kule juu walishuka kwa hiari yao. Waliochelewa walifuatwa na watu walioziezua nyumba zao, wakatupa nyasi na fito chini ili pasiwe na pa kurudi. Kuta zilibaki zimesimama wima, juu pamekatwa sawasawa. Mama yake mzazi alikuwa bado hajafikiwa. Alikuwa akijiandaa kushuka, ameshafunga mbegu zake. Siku hiyo akaja kijijini kumtembelea binti yake, akakutana na bango langu kwenye ukuta wa shule.

"Alisema serikali imesema kweli kuliko watu wake, imeonyesha wazi itakachotufanyia. Akarudi juu jioni ile ile. Na wenzake wakamfuata."

Hapo mwenyekiti aliingilia kati.

"Mwanangu, mimi vijiji navitaka. Shule iko hapa, zahanati inakuja hapa. Nataka washuke. Bango lako lilikuwa linawapandisha."

Nilikaa nikilitazama bango, na kwa mara ya kwanza nikaliona kama lilivyokuwa likionekana pale: kuta nyeusi tupu kana kwamba zimeungua, na ule mstari wangu mwekundu ukipita juu yake. Mwenye macho haambiwi tazama, nao walitazama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi kitanda hicho nilikichora tu. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona huruma, kwa sababu mzee huyu alikuwa anakwenda kuhukumiwa kwa kunisahihisha. Nikawauliza nani alichora mapaa. Mama Neema alisema walichora wote wawili. Yale yaliyonyooka ni yake yeye.

Ijumaa asubuhi tulirudi Kilosa pamoja, mzee amevaa suti yake ya kanisani. Garimoshini hakusema mengi. Aliniambia kitu kimoja tu, kwamba uenyekiti wakiuchukua hatalia, ila ameshawaapia wale wa kilimani kwamba mwenye kushuka hatadhulumiwa, na akiondolewa, neno hilo halitakuwa na mwenyewe.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa wilaya. Mabango yaliwekwa mezani. Karani alieleza alivyoyakuta, kwa ukweli, sina la kumlaumu. Mzee Yohana alipoulizwa kama ni yeye aliyechora, alikubali. Mwenyekiti wa kamati, mzee mkavu mwenye miwani, alitikisa kichwa kwa masikitiko. Nikaomba kusema.

Nilisema mimi ndiye mchoraji, na kwamba bango lilikuwa na kosa. Niliwaeleza kosa lenyewe, kama Mama Neema alivyonieleza, bila kuongeza chumvi. Sikuhitaji kueleza zaidi, kwa sababu wote waliokuwa mle walikuwa wameziona nyumba hizo. Kisha nikawaeleza desturi ya kazi yetu. Kabla kiwanda hakijachapa, hutoa karatasi moja ya majaribio tunayoiita prufu. Mchoraji huichukua, huichorachora kwa kalamu popote palipokosewa, na hakuna anayesema ameichafua. Akiridhika huandika chini yake neno la ruhusa na jina lake, na hiyo ndiyo inayochapwa.

"Kwa hiyo, ndugu zangu, hapa mezani hakuna bango lililochafuliwa. Hizi ni prufu."

Yule mzee wa miwani akaniuliza kama ninayo mamlaka ya kusema hivyo. Nikamjibu kwamba mamlaka ya kuchapa ni ya mkuu wangu, lakini mamlaka ya kusema picha yangu imekamilika au haijakamilika ni yangu. Nikachagua bango moja, lile la Mama Neema lenye paa lililonyooka, nikatoa kalamu mfukoni, nikaandika chini: sawa, chapa. Nikatia sahihi. Nilijua kitakachonipata, maana mkuu wangu nilimjua. Nikamsogezea mwenyekiti wa kamati. Alilisoma, akalitazama lile paa, akavua miwani akaifuta. Hatimaye akanirudishia bango, akasema shauri limekwisha, na Ndugu Yohana arudi kwa watu wake. Mbaga alikuwa wa kwanza kumshika mkono.

Nje ya ukumbi nilitegemea shukrani, binadamu ni binadamu. Mzee alinishukuru, hata akanibariki. Kisha akasema: "Sasa picha yako inasema kuna paa. Nami nina bati za shule tu."

Jumamosi nilipanda treni ya tawi la Mikumi ili nikapate basi la barabara kuu. Mikumi nilisubiri muda mrefu karibu na nyumba ya watalii. Ilikuwa imeezekwa nyasi, kwa ustadi, na wageni walikuwa wakipiga picha paa hilo kuliko walivyopiga twiga. Nilicheka peke yangu, kicheko kisicho na furaha. Basi lilipopita mbugani abiria walisimama kutazama nyati, mimi nilibaki na bango langu magotini.

Dar es Salaam mkuu wangu alinikaripia siku nzima. Alisema nimesaini kitu nisichoagizwa, na kwamba paa limeharibu umbo. Nilimwambia ukweli: umbo limeharibika, bango limepona. Baada ya siku kadhaa akalipeleka kiwandani, akigunaguna. Miaka ya baadaye nilisikia kwamba Ulaya wamezuka wachoraji na wajenzi wapya wanaowacheka walimu wangu, wanarudisha mapaa, mapambo na vichekesho vya mitaani, na vijana wa ofisi yetu wakalipokea jambo hilo kama mtindo mpya. Niliwaacha wafurahi. Kwangu mimi halikuwa mtindo. Hao wa kwanza waliondoa mapaa kwao wakijua wanakataa nini. Mimi niliondoa paa mahali ambapo paa lilikuwa linaondolewa kweli. Tangu hapo, kabla sijafuta kitu kwenye picha, nauliza kwanza kama kuna mtu amenyang'anywa kitu hicho.

Mwaka ule ulipokuwa ukiisha Mama Neema alikuja mjini kwa matibabu, akafika ofisini kunisalimu. Nilimkumbatia. Nilikuwa na hamu ya kujua jambo moja, nikamuuliza kama mama yake alishuka kilimani baada ya kuliona bango jipya. Akasema mama alishuka, ndiyo, siku Mzee Yohana alipomaliza kumwezekea nyumba. Alisimama uani na mzigo wake wa mbegu kichwani.

"Na bango alilionaje?"

"Hakulitazama," akasema. "Alitazama juu."