Nani Atangulie

Nilimwonea wivu kabla sijajua hata jina lake. Alikuwa binti wa Ulyankulu, mtoto wa wakulima wa tumbaku wenye asili ya Burundi, Wakatoliki wa kuwahi misa ya kwanza. Mimi ni mzaliwa wa Mtendeni, mjini Tabora, katika nyumba yenye duka mbele na ua nyuma, na tangu darasa la tatu sikuwahi kukosa cheo. Nilikuwa kiranja wa usafi, kiranja wa taaluma, dada mkuu, na chuoni nikawa mwakilishi wa darasa tangu wiki ya pili. Nilizoea kuona vichwa vikinigeukia kila ilipoulizwa nani atasema. Huyu binti aliingia chuoni na begi moja na sauti ndogo, na kabla muhula haujaisha vichwa vilikuwa vinamgeukia yeye.

Chuoni kwetu kulikuwa na mhadhiri mmoja, mama wa makamo tuliyemwita Madam, aliyelea kikundi cha wanafunzi kumi na mmoja. Halikuwa somo la mtihani. Kila Jumamosi asubuhi alitufundisha kuongoza wenzetu: namna ya kuendesha kikao kisigeuke soko, namna ya kusikiliza malalamiko ya bweni bila kuahidi usichokiweza, namna ya kuwaandikia wakubwa barua isiyo na matusi wala kupiga magoti. Mwisho wa mwaka wa pili mmoja wetu angekuwa msaidizi wake, akae naye mbele na kuwalea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hakukuwa na posho wala cheti. Nilikitaka kiti kile kuliko nilivyoitaka shahada yenyewe. Siku moja, nilipomaliza kuendesha kikao cha majaribio, Madam alinipita mlangoni akaniambia, "Wewe una kitu." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, tangu siku hiyo nilianza kujiona nimeshakaa kando yake.

Madam aliamini miguu kuliko ubao. Mara moja kwa mwezi alitutoa mjini tukafuata kipande cha njia ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara, kila mtu na mzigo wake: galoni la maji, sufuria, mfuko wa viazi. Mmoja wetu alipewa kazi ya kirangozi, yule mtu aliyewatangulia wapagazi enzi hizo. Zamu yangu ilipofika nilitangulia kwelikweli. Nilipanga mwendo, nikapanga pa kupumzika, tukafika hata saa nne haijagonga. Zamu ya binti wa Ulyankulu ilipofika, yeye alitembea katikati. Kirangozi gani anatembea katikati? Alibadilishana mizigo na huyu, akamchekesha yule, akamngoja mmoja aliyekatikiwa kandambili, tukachelewa saa nzima na jua likatuchoma mpaka visogoni. Hakuna aliyelalamika. Kwenye zamu yangu walilalamika watatu, tena tuliwahi.

Wivu ni kazi ya kutwa, wala hauna likizo. Nilianza kumkagua. Nilijua anavyocheka, anavyokaa, ni nani kamwekea nafasi kwenye foleni ya chakula. Nilifurahi kugundua kwamba Kiingereza chake kinachechemea. Siku moja alinijia na barua aliyoandika kwa ajili ya wasichana wa bweni lao waliokosa maji, akasema, "Dada, wewe mwandishi, nipitishie macho." Nilimsahihishia vizuri, isipokuwa cheo cha mpokeaji alikuwa amekikosea, na hicho nikakiacha makusudi. Barua ilirudishwa. Aliirekebisha, akaipeleka tena, maji yakatoka, akawaambia wenzake kwamba bila mimi asingeweza. Nilimchukia wiki nzima kwa shukrani ile.

Mwezi mmoja kabla ya Madam kupata msaidizi, mwenzetu mmoja wa kikundi alifiwa na baba yake, kijijini nje kidogo ya Nzega. Iliamuliwa waende wanne kwa niaba ya wote. Madam alikuwa na mitihani ya kusimamia, hivyo akaniteua mimi niwe kiongozi wa msafara na msemaji. Binti wa Ulyankulu alikuwa mmoja wa wale wanne. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa: msiba wa mwenzangu niliuona kama usaili wa kazi. Niliandika hotuba ya kurasa mbili. Nikaisoma mbele ya kioo, nikapanga hata mahali pa kunyamaza kidogo ili uchungu uonekane.

Tulikwenda na Noah ya kukodi, tumebeba mfuko wa mchele na sukari. Tulipofika niliwaamkia wazee shikamoo, kwa mpangilio, kuanzia mkubwa. Binti wa Ulyankulu aliwafuata kina mama jikoni, akawasalimu kwa lugha yao, "Mwangaluka", nikamwona amepewa kisu cha kumenyea viazi. Nikafurahi moyoni, nikijua kwamba mtu wa viazi hatasikika chini ya turubai.

Sasa pale msibani alikuwepo mama mmoja wa Kigogo, aliyeolewa kijiji kile miaka mingi. Marehemu alikuwa Mnyamwezi, na Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Watu husema utani huo ni wa tangu misafara, babu zao walipokutana njiani na kuombana maji. Mama yule alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake, ameshika fimbo yake, anakohoa kama alivyokohoa yeye. Alipita akiwagombeza wachimba kaburi kwamba shimo ni fupi, marehemu alikuwa mrefu, au wanataka alale amekunja magoti? Watu walilia, wakacheka, wakalia tena.

Msema chochote wa msiba akanikaribisha: "Tunaye hapa binti yetu, Mnyamwezi wa Tabora mjini, ametoka chuo kikuu, atatupa salamu." Nilisimama, nikafungua karatasi zangu. Sikuwa nimemaliza sentensi ya pili, mama wa Kigogo akaja akasimama mbele yangu na fimbo yake.

"Hebu mwoneni Mnyamwezi wa siku hizi," aliwaambia watu. "Babu yake alibeba pembe la tembo kichwani mpaka pwani, hakutetemeka. Huyu kabeba karatasi mbili, mikono inamtetemeka." Turubai zima likacheka. Akaninyang'anya ukurasa wa pili, akaugeuza juu chini, akajifanya anausoma huku anakohoa.

Nilijua utani ni nini. Sitajitetea kwa kusema mimi ni mtoto wa mjini. Hata Mtendeni watani huja misibani wakatusumbua. Ila dakika ile niliona ukurasa wangu mikononi mwake, nikaona kiti cha kando ya Madam kinaondoka nao. Nikasema kwa sauti ya kikaoni, "Mama, naomba tuheshimu msiba."

Hakuna aliyecheka tena. Mama wa Kigogo akanitazama, akaivua kofia, akatembea polepole hadi mbele ya jeneza, akaketi chini, akanyoosha miguu. "Nimefukuzwa kwenye msiba wa mtani wangu," alisema. "Basi leo haendi mtu kaburini."

Wala haukuwa mzaha. Mtani akikaa hivyo, msiba umesimama mpaka aridhike. Wazee wakaanza kunong'onezana. Mwenzetu aliyefiwa aliniangalia kwa macho yaliyovimba, na mimi nilisimama pale na ukurasa mmoja, sijui nikae au niendelee.

Ndipo binti wa Ulyankulu alipotoka jikoni, mikono imelowa maji ya viazi. Hakunitazama. Alikwenda pembeni tulikoweka mchele wetu, akainama, akaukweza ule mfuko kichwani, akaanza kuzunguka turubai akiyumba na kuguna kama mpagazi aliyetoka safari ya miezi. Alipomfikia yule mama akapiga magoti, mfuko ukiwa bado kichwani.

"Bibi mkubwa, tumetoka mbali na mzigo," alisema. "Tunaomba njia."

"Wewe nani?"

"Mpagazi wako, bibi."

"Mpagazi wangu anajua adabu. Yule mwenye karatasi je?"

"Yule ndiye kirangozi wetu. Jua limempiga utosini. Msamehe, bila yeye hatujui njia ya kurudi."

Mama wa Kigogo alijikaza asicheke, akashindwa. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa koti la marehemu, na watu wakacheka, na mjane mwenyewe, aliyekuwa hajainua kichwa tangu tufike, akainua kichwa akatabasamu. Kisha mama akashikwa mkono, akasimama, akasema, "Haya, mzikeni mtani wangu." Wakamzika.

Sikumshukuru yule binti. Njiani kurudi nilikaa mbele kwa dereva nikajifanya nimelala. Kulisimulia tukio lile mbele ya Madam kungemtosha kunimaliza, na mimi nilikuwa ninangoja anifanyie hivyo, ili angalau niwe na sababu ya haki ya kumchukia. Mjini wenzetu waliobaki wakauliza kwenye kundi letu la simu mambo yalikwendaje. Binti wa Ulyankulu ndiye aliyejibu kwanza. Aliandika kwamba tumemzika mzee salama, na kwamba salamu zetu nilizitoa mimi. Basi. Wale wengine wawili tuliokwenda nao walinyamaza, nadhani kwa kumfuata yeye.

Kwa hiyo Jumamosi ya kumchagua msaidizi ilipofika, waliobaki mjini bado waliniona yuleyule wa zamani. Madam aligawa vipande vya karatasi. Nilitegemea atatuuliza nani anafaa, na jibu la swali hilo nilikuwa nalo tangu mwaka wa kwanza. Lakini yeye alisema, "Msiniandikie nani ana akili, wala nani anajua kusema. Mmefiwa nyumbani kwenu. Wenzenu wa chuo wanakuja. Unataka nani atangulie? Andika jina moja. Anayetaka kujiandika ajiandike, mimi sitatafuta mwandiko wa mtu."

Niliinama niandike jina langu. Herufi ya kwanza ilikuwa tayari kwenye kalamu. Kumbe swali lilikuwa limeshanifikisha Mtendeni: mkeka uani, duka limefungwa, baba yangu amelazwa chumba cha mbele amefunikwa sanda, mama katikati ya wanawake hanitambui. Nikaangalia mlangoni nione nani anaingia na wenzangu. Nilijitahidi awe mwingine, yeyote, hata wale walionichosha kwa malalamiko njia ya Kwihara. Aliyeingia ni yeye. Alivua viatu, akapita moja kwa moja kwa mama yangu. Aisifuye mvua imemnyeshea, na mimi ilikuwa imeninyeshea mbele ya jeneza la watu. Niliandika jina lake kwa hasira, nikakunja karatasi mara nne.

Madam alihesabu mbele yetu, kisha akasema bila kupamba: sita kwa tano, msaidizi ni binti wa Ulyankulu. Watu wakampigia makofi. Nilipiga na mimi. Hesabu ile haikuhitaji chuo kikuu. Ningejiandika mimi, yeye angebaki na tano, na sita zingekuwa zangu.

Alinikuta nje kwenye ngazi. Hakuwa na furaha ya mshindi. Alikuwa na wasiwasi, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshike. "Dada, usinikasirikie," alisema. "Mimi nilikuandika wewe. Siku baba yangu akifa, nyumbani hakuna anayejua kusema mbele ya watu. Ningetaka uje wewe useme."

Alisema kweli, nilimwona usoni. Na hapo ndipo wivu wangu ulipofika mwisho wa uwezo wake, kwa sababu hata katika hilo la kunipigia kura alikuwa amenizidi. Yeye kura ilimtoka kwa hiari, mimi kwa hasira. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kumjibu, na ingetufanya marafiki maisha yetu yote.

"Mimi nilijiandika," nilimwambia.

Alicheka, akanishika bega, akasema ningekuwa mjinga nisingejiandika. Madam akamwita ndani wapange kazi ya mwaka ujao, akaingia. Nikamwacha aamini hivyo, na anaamini mpaka leo. Kiti alikuwa ameshakipata kwa mkono wangu. Kumpa na ukweli wake, siku ileile, sikuweza.