Tairi la Upande wa Mama

Harufu ya mpira mpya hainipi raha. Juzi nimepita duka moja la matairi kule Temeke, yamepangwa mpaka nje, ikanipiga puani nikajikuta nimesimama kama mteja. Mawazo yalikuwa yamesharudi Kipawa, uani kwetu, Jumamosi asubuhi, baba amechuchumaa anakagua gari.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu, na gari lile alilitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Upepo aliupima kabla ya kuliwasha, maana tairi likishapata moto, alisema, linakudanganya. Alichomeka sarafu kwenye meno ya tairi kuona kama yamekwisha. Mimi alinifundisha kusoma maandishi ya ubavuni wakati vitabu vyenyewe bado vinanisumbua: 195 ni upana, 65 ni kimo cha ubavu kikilinganishwa na upana huo, 15 ni kipimo cha ringi. Nilijiona msomi mkubwa.

Kwenye buti alikuwa na spea ambayo haikuwahi kugusa lami. Aliinunua mpya nilipokuwa mchanga, akaiviringishia shuka kuukuu, na kila Jumamosi aliitoa, akaing'arisha, akairudisha. Ndivyo tulivyokuwa. Hata glasi nzuri za mama zilikaa kabatini zikisubiri wageni ambao hawakuja. Ubavuni mwa spea hiyo palikuwa na kiduara chenye tarakimu nne. Baba alisema ni namba ya kiwandani tu, haina kazi. Nikaichukua, ikawa wimbo wangu wa kuruka kamba: sifuri nane, sifuri tatu.

"Baba Upendo, hilo tairi unamtunzia nani?" mama alimtania. "Au unataka huyu binti aolewe nalo?"

"Linangoja safari," baba alijibu.

Safari ikaja nikiwa darasa la tatu. Kwetu ni Moshi, na Mchaga asiyekwenda nyumbani Krismasi huulizwa kama anaumwa. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limeanza kuota kipara, basi baba akaivua spea shuka lake, akaifunga pale, upande anaokaa mama. Akaipiga makofi mawili matatu. "Mama Upendo, leo unasafiria tairi jipya." Mama akacheka, akapanda na kapu lake la maandazi.

Tulipoipita Korogwe jua lilikuwa kali. Kitu kikapasuka chini ya miguu ya mama, gari likavutwa kushoto, likaacha barabara. Mimi na baba tulitoka na majeraha. Mama tulimfikisha Moshi ndani ya jeneza.

Ukubwani nilikwenda kujifunza udereva. Mwalimu alichora tairi ubaoni, akatueleza kwamba mpira huzeeka hata ukikaa bila kutumika, na kwamba umri wake umeandikwa kwenye zile tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka tairi lilipotengenezwa. Wenzangu waliandika. Mimi nilisikia kamba ikipiga mchanga wa uani kwetu. Sifuri tatu ndio mwaka niliozaliwa. Tairi jipya la baba lilikuwa rika langu, nami nilikuwa nauimba umri wake kila jioni, baba na mama wakinisikia.

Moyo uliniuma sana siku ile ya somo, na hasira nilikuwa nazo, ingawa sikujua nimkasirikie nani. Nilikwenda moja kwa moja Kipawa kumwambia baba. Nilimkuta barazani, nikamwamkia, akaniuliza habari za udereva, na kama kawaida mazungumzo yakaishia kwenye safari ile.

"Mama yako nilimfungia tairi jipya kabisa," alisema. "Lililo bora kuliko yote niliyokuwa nayo. Si unakumbuka?"

Alinitazama akisubiri. Kwa miaka yote ile alikuwa amelala na kuamka kwa neno hilo moja, hana jingine.

"Nakumbuka, baba," nikamwambia. "Lilikuwa jipya."