Gongo la Mpera

Mzee Kerosi aliuza mipini ya majembe katika soko la Rongo, na maishani mwake hakuwahi kuona mpira wa magongo ukichezwa. Hilo halikumzuia. Mwaka wa 1996, binti yake Bathsheba, aliyekuwa kidato cha tatu, alimchorea gongo ukutani kwa mkaa. Mzee akakata tawi la mpera, akalipinda kwa moto, kisha akalichonga likawa bapa upande mmoja. Aliuliza swali moja tu.

"Mkono wako wa nguvu ni upi?"

"Wa kushoto, Baba."

Mama, Nyamoita, naye akaweka sharti lake: "Ukianguka hesabu, hilo gongo ni kuni."

Basi kila jioni Bathsheba alitoka shuleni akisukuma mpira wa matambara kwenye kijia cha katikati ya miwa, huku akikariri kanuni za hesabu. Mpira ukienda kushoto, alitaja pembe. Ukirudi, alitaja pande. Miwa ilivuma taratibu pande zote mbili, na mara nyingine alijikuta amefika nyumbani bila kukumbuka njia, kichwani mna nyasi za uwanja asioujua na duara zisizo na mwisho. Alikuwa na raha, na hakumwambia mtu.

Mwalimu Awino, kocha wa timu ya shule, alikuwa amejifunza mchezo huo kwenye kitabu kilichokosa jalada. Naye hakuliona kosa.

Aliyeliona ni refa, kule Homa Bay, siku ya mashindano. Alilishika gongo, akaligeuza, akacheka kidogo.

"Hili ni la mashoto. Halikubaliwi kwa hii mchezo. Tafuta lingine ama ukae nje."

Bathsheba alitamani ardhi immeze. Mwalimu Awino akampa gongo la mchezaji wa akiba. "Chukua, nyathina, mtoto wangu. Jaribu tu."

Kipindi cha kwanza alipiga hewa, akapiga nyasi, akapiga mguu wa mwenzake. Wakati wa mapumziko alikaa akitazama ziwa lililotulia ng'ambo ya paa za mabati. Akakumbuka darasa la kwanza, mwalimu akimtoa chaki mkono wa kushoto na kuitia wa kulia, kila siku. Herufi zake zilianguka kifudifudi muhula mzima. Kisha asubuhi moja zikasimama. Kumbe alishawahi kuanza upya, tena akiwa mdogo zaidi.

Walifungwa mawili kwa moja. Hilo moja lilikuwa lake.

Nyumbani, baba alikuwa akingoja mlangoni. "Lilicheza?"

Angeweza kumdanganya. "Refa alilikataa, Baba. Watu wote hucheza kwa upande wa kulia, hata mashoto."

Mzee aliligeuza gongo mikononi kwa muda mrefu. Uso wake ulimwumiza Bathsheba kuliko kicheko cha refa. "Nitachonga lingine," akasema hatimaye, akalitupa juu ya rundo la kuni.

Wiki iliyofuata karatasi ya mtihani wa hesabu ikarudi: sitini na nane, alama ya juu ambayo hakuwahi kuipata. Jioni hiyo Nyamoita aliinama kuchukua kuni za ugali. Akaliinua gongo, akalipangusa vumbi kwa leso yake, akalisimamisha ukutani.

"Na sharti lako?" mzee akauliza.

"Hili si kuni," alisema mama. "Mtoto amelisomea."