Gari la Maharusi Lililotaka Kupumzika

Sisi tuliokulia Kikima, miaka ambayo ukungu wa milima ya Mbooni ulikuwa ukiingia mpaka ndani ya darasa, tuliyajua magari kwa sauti kabla ya kuyaona. Lori la maembe lilikohoa. Basi la asubuhi lililia kwenye kila kona. Gari la baba lilinguruma taratibu, kama mtu anayeimba huku mikono yake ikifanya kazi nyingine. Lilikuwa la rangi ya maziwa, viti vyake vilituunguza mapaja wakati wa jua, na ndani lilinuka petroli, mafuta ya nywele na mapera yaliyoiva. Hata leo nikifumba macho, nalinusa.

Baba alikuwa fundi cherehani. Gari alilinunua kwa daktari mmoja aliyestaafu, likiwa tayari limezeeka, akalipenda mpaka mama akawa anasema afadhali naye angezaliwa na magurudumu. Kila bibi harusi wa Kikima alivaa gauni lililoshonwa na baba, akapanda gari lililooshwa na baba, na dereva alikuwa yeye huyo huyo, amevaa tai yake ya pekee. Sidhani kama kuna cheo kingine alichokitamani duniani.

Vijana wa leo hawajui jinsi harusi ilivyotembea enzi zile. Nasema ilitembea, kwa maana gari la bibi harusi halikuruhusiwa kukimbia. Akina mama walitangulia mbele ya boneti wakiimba, wakienda mbele na kurudi nyuma, leso zikipepea, nalo gari likawafuata kwa mwendo wa miguu yao. Sisi watoto tulikimbia pembeni, vumbi limetujaa masikioni, tumboni muthokoi wa asubuhi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ukirukaruka. Na ole wako dereva upige honi kuwaharakisha! Walisimama kabisa, wakaanza wimbo upya.

Hapo ndipo gari la baba lilipozoea kuzimika. Barabara ikiwa wazi, likiteremka kuelekea Mukuyuni, halikuwa na neno. Likiingia tu kwenye msongamano wa soko, au nyuma ya akina mama, jua likiwa utosini, lilianza kutetemeka, likashikwa na kitu kama kwikwi, kisha kimya. Kwetu Ukambani, kitu chochote kikikataa kwenda wakati wa jua, tunajua dawa moja. "Iko na kiu!" watu walipiga kelele, na mama akachukua mtungi kwenda kutafuta maji. Akirudi, baba alifungua rejeta kwa kitambaa, akamimina, akazungusha ufunguo, gari likawaka. Nani angebisha? Nyumbani tulikunywa maji kwa kipimo ili gari lishibe.

Fundi wa magari pale sokoni alibadilisha plagi, akabadilisha koili, akasafisha kabureta. Likagoma vilevile. Maneno yakaanza, tena kanisani, kwa ile sauti ya chini ya watu wanaosema wanakuombea. Ati gari lina mkosi. Ati bibi harusi aliyezimikiwa na gari ataishi ndoa ya kusimama njiani. Familia moja ikakodi pikapu, nyingine ikafuata mfano. Baba aliendelea kushona magauni, lakini gari likawa linashinda chini ya turubai, kuku wakitaga kwenye kivuli chake.

Kisha dada yangu mkubwa, Mwikali, akachumbiwa na kijana wa Mukuyuni, ambaye watu wake walikuwa wametoka Kitui. Jioni moja tukiwa mezani, baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alisema bila kuzunguka: "Kaka, tafuta gari ingine. Usiaibishe huyu msichana." Baba aliisogeza sahani yake, akatoka nje. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua nimeona mtu akiumia. Alikuwa amewapeleka kanisani mabinti wa watu wengi. Sasa alitaka kumpeleka wake.

Mama ndiye aliyefumbua fumbo, akichambua maharagwe barazani.

"Baba Mwikali," alisema bila kuinua kichwa, "unakumbuka ile siku ilizimika hapo kando ya mto? Maji ilikuwa hapo karibu. Tukaipea mara moja, na ikakataa kuwaka."

"Nakumbuka."

"Na siku za soko, mimi huenda mbali kutafuta maji. Nikirudi, inawaka. Nikikawia zaidi, inawaka vizuri zaidi. Hii gari haitaki maji. Inataka kupumzika wakati mimi niko njiani."

"Asi!" baba alisema, akasimama.

Kesho yake aliliweka gari katikati ya uwanja, juani, akaliacha lingurume mpaka likazimika lenyewe. Akafungua boneti, akainama. Gari lile lilikuwa na kikombe kidogo cha kioo cha kuchujia petroli, na ndani yake petroli ilikuwa ikichemka, ikitoa mapovu kama uji. Paipu yake ilipita karibu sana na bomba la moshi. Gari likikimbia, upepo uliipoza; likienda polepole, joto lilitulia humo ndani, petroli ikageuka mvuke, kabureta ikabaki na njaa. Baba alichukua kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye sare za shule, akakilowesha, akakizungushia ile paipu. Akahesabu pumzi chache, akazungusha ufunguo. Likawaka! Rejeta hakuigusa. Mama alicheka mpaka akaketi chini, akikumbuka maji yote aliyoyabeba mgongoni kwa ajili ya gari lisilokuwa na kiu.

Siku ya harusi, turubai lilitolewa. Tuliteremka Mukuyuni salama, Mwikali nyuma na wasimamizi wake, kitambaa kimefungwa mahali pake, sisi wengine tukifuata kwa basi. Lakini ilikuwa siku ya soko. Mbuzi, mikokoteni, malori ya maembe, na akina mama wa upande wa bwana harusi waliotupokea barabarani wakiungana na wetu, sisi watoto nyuma yao. Wimbo haukwisha. Jua likawaka. Gari likashikwa na kwikwi, likanyamaza.

Baba mdogo alifunika uso kwa kofia. Baba alishuka, akafungua boneti, akakigusa kitambaa. Kilikuwa kimekauka kau. Ndani ya buti kulikuwa na mtungi wa maji, na kikombe kimoja kingetosha. Nilitaka kukimbia nikaulete, lakini mama akanishika bega. Alikuwa akimtazama baba. Baba naye alitazama buti, akalitazama kanisa lililokuwa pale mbele tu, kisha akasema kwa sauti, "Wacha ipoe kidogo." Akawaomba wasimamizi washuke wanyooshe miguu, akaingia kiti cha nyuma, akaketi kando ya Mwikali. Mama aliniachilia bega, akaanzisha wimbo mwingine, ule mrefu kuliko zote, na akina mama wakamwitikia.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza Mwikali waliongea nini. "Hakuniambia kitu kubwa," alisema. "Aliniuliza kama viatu vinanifinya. Nikasema ndiyo. Akaniambia nivue mpaka gari ipoe. Halafu akanishika mkono, tukakaa hivyo tu, tukiskiza mama akiimba." Alipokuwa tayari, alivaa viatu. Gari likawaka kwa jaribio la kwanza. Baba mdogo alidai ni maombi yake.

Siku hizi magari hayasumbui. Gari likiumwa, taa inawaka na kukuambia ni wapi, na kijana anayelimiliki anampigia simu mtu wa kompyuta huku yeye mwenyewe hajui boneti inafunguliwa upande gani. Mwaka huu binti yangu aliolewa. Gari lilikodiwa, jeupe, vioo vimefungwa, ndani baridi kama Mbooni asubuhi. Nyimbo zilitoka kwenye spika. Akina mama walijipanga kando ya barabara ili lipite. Niliomba niketi naye nyuma, maana baba, babu yake, hayupo tena, na nilikuwa na maneno machache ya kumwambia njiani. Lami ni nzuri sana. Tulifika kabla ya wakati, na mimi nilikuwa bado natafuta pa kuanzia.