Saa ya Ng'ambo Imefuta Majibu ya Kisima Chetu

Jamani, leo nimeandika ukweli mara tatu, na mara tatu umefutika.

Saa nne asubuhi mwalimu wetu wa sayansi, akiwa Kigonsera, aliingiza kwenye programu ya simu tunayoisoma sote majibu ya maji ya kisima chetu hapa Chiwanda, yaliyochotwa juzi: SALAMA.

Saa nne na nusu nikapima upya pale kisimani. Si salama!
Nikaandika kwenye simu. Ikarudi "salama".
Nikaandika tena, na tena. Ile ile.

Bibi mmoja akafika na ndoo. Nikamwamkia, nikamsihi asichote. Akachungulia simu yangu.

"Simu yako inasema salama, wewe unasema si salama. Nimwamini nani, mjukuu wangu?"

Nilitaka kulia.

Nikampigia mwalimu.

"Huku inaonekana umeandika saa tatu na nusu," akasema. "Simu yako imeshika mtandao wa Msumbiji, na kule saa iko nyuma. Majibu yakigongana, programu inabakiza yenye saa ya mbele."

Kumbe mimi niliyeandika mwisho nilihesabiwa nimetangulia.

Nimerekebisha saa kwa mkono, nikaandika upya. Sasa yamekaa. Bibi ameondoka na ndoo tupu, ananung'unika.

Lakini wapo waliosoma "salama" wakachota kabla yake, nami siwajui wote.

Kama ni wewe, nakuomba usinywe maji hayo, wala usimpe mtoto. Andika tu hapa chini "nimemwaga", nipate kupumua.