Binti wa mwalikaji anayefikisha barua pepe Kilwa Masoko

Saa mbili asubuhi, Ziada Khamisi amekalia mbuzi ya kukunia nazi kwenye kibaraza cha nyumba yao, Kilwa Masoko. Kompyuta iko juu ya stuli mbele yake. Anabonyeza kitufe, anainua shingo na kupaza sauti kuvuka barabara.

"Fauzia! Imeingia?"

Ng'ambo, Fauzia, fundi cherehani, anasimamisha mguu na kuchungulia simu aliyoiegemeza kwenye boksi la nyuzi.

"Imeingia!"

"Sebuleni au stoo?"

"Sebuleni, shoga! Tena imeshakaa kwenye kochi."

Wanacheka wote wawili. Mpita njia anageuka kutazama ni mgeni gani aliyefika, haoni mtu.

Hiyo ndiyo kazi ya Ziada, binti wa miaka ishirini na saba: kuhakikisha barua pepe zinazotumwa na tovuti za watu zinafika. Sebule, kwa lugha yao wawili, ni pale barua inapoonekana mara tu mtu anapofungua simu. Stoo ni kule kwenye barua taka, ambako wengi hawajawahi kuchungulia tangu wanunue simu zao.

Leo anajaribu tovuti ya wafuga nyuki wa Miteja. Mtu akiagiza asali, tovuti inatakiwa imjibu papo hapo kwamba oda yake imepokelewa.

"Asipojibiwa anajua ametapeliwa," anasema Ziada. "Na hakupigii kukuuliza. Anaondoka zake tu."

Tovuti nyingi ndogo hazitumi barua zenyewe. Zinakodi kampuni ambayo kazi yake ni kutuma tu. Barua inabeba jina la tovuti, lakini anayeileta ni mtu mwingine kabisa. Huko inakokwenda kuna walinzi, ambao ni mitambo si watu, nao wakiona mgeni anatumia jina la watu, wanamsukumia stoo au wanamfungia mlango.

"Ni kama mtu nisiyemjua aje hapa aseme katumwa na mama yangu," anasema. "Kiti nitampa. Lakini mkoba wangu nitauvuta karibu."

Ziada hakuanzia kwenye kompyuta. Alipomaliza kidato cha nne, matokeo hayakumfikisha mbali, akawa anachoma vitumbua na mama yake, Bi Mwanahija. Ilipotangazwa kwamba kuna masomo ya jioni ya kompyuta hapo mjini, alijiandikisha.

"Nilikuwa nafika na mafuta vidoleni. Mwalimu ananiambia, Ziada, kanawe kwanza, usije ukatukaangia kibodi."

Mteja wake wa kwanza alikuwa Benadetha, mama aliyeshuka kutoka nyanda za Makonde miaka mingi iliyopita na kufungua nyumba ya wageni karibu na ufuo. Ziada alimtengenezea tovuti nzuri, yenye picha za vyumba na za samaki wa kupaka. Wageni wakaanza kuomba nafasi. Kisha wakawa wananyamaza.

Siku moja akapiga simu mwanamke aitwaye Maria, muuguzi mstaafu wa Iringa. Yeye na wenzake kumi na mmoja walitaka kuja kutembelea magofu ya Kilwa Kisiwani na kupumzika. Nyumba yote ingejaa. Kila mmoja alikuwa ameomba chumba chake kwenye tovuti, na hakuna aliyepata barua ya kuthibitishiwa.

"Mimi sauti yako naiamini," Maria alimwambia Benadetha. "Lakini wenzangu wanasema hiyo tovuti ni ya matapeli. Wengine watoto wao ndio wanaolipa, wako nje, wanataka kuiona barua. Isipofika hadi Jumamosi, tunakwenda kwingine."

Ziada anaikumbuka vizuri asubuhi aliyoitwa.

"Nikamwambia, shikamoo mama. Akajibu marahaba, lakini macho ameyatupa baharini. Nikajua leo kuna jambo."

Benadetha hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba barua zisipowafikia wale wauguzi, tovuti ataifunga, arudi kwenye kibao chake cha barabarani. Leo anacheka akisimulia. "Nilimwonea huruma, mtoto wa watu. Lakini mimi nami nilikuwa nimeshaitwa tapeli, tena na watu wa Iringa!"

Ziada alijua pa kuanzia. Kila jina la tovuti lina sehemu ya wazi kwenye mtandao, ambapo mwenye jina anatangaza nani ameruhusiwa kutuma barua kwa niaba yake. Walinzi husoma hapo kabla ya kumfungulia yeyote. Alikuta limetajwa jina la kampuni ya zamani tu, ile inayopeleka salamu za sikukuu kwa wageni. Kampuni mpya, inayotuma uthibitisho wa vyumba, haikutajwa popote. Basi akaandika tangazo la pili chini ya lile la kwanza, akaitaja.

Mambo yakaharibika zaidi. Sasa hata salamu za sikukuu zikawa zinaishia stoo.

Jioni ya Ijumaa alikaa mkekani na uso mzito. Mama yake alikuwa anapepeta mchele.

Hapa inafaa kumweleza Bi Mwanahija. Mbali na vitumbua, yeye ni mwalikaji. Kwenye shughuli za Kivinje na Masoko, familia humtuma apite nyumba kwa nyumba, apige hodi, ataje jina la aliyemtuma na siku ya harusi. Kadi inaweza kupotea. Bi Mwanahija akishasimama mlangoni, umealikwa.

"Nikamuuliza, kwani wewe hao walinzi wako wa mlangoni umewaambiaje?" anasimulia mama huyo. "Akasema, nimetangaza kampuni ya kwanza ndiyo yetu. Halafu nikatangaza tena, kampuni ya pili ndiyo yetu. Nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Nikamwambia, mwanangu, wewe umefanya harusi ya Kivinje!"

Harusi hiyo Bi Mwanahija hataisahau. Upande wa baba ulitangaza kuwa mwalikaji wao ni Bi Batuli. Upande wa mama nao ukatangaza kuwa ni Bi Mwanahija. Matangazo mawili, nyumba moja.

"Watu wakajiuliza, nikimwitikia huyu, yule si atanuna? Wakaona bora wabaki makwao. Pilau lile, we! Paka wa mtaa mzima walinenepa. Na mimi na Batuli tukawa hatusalimiani." Harusi iliyofuata, wazee waliungana kutoa tangazo moja tu: waalikaji wetu ni Batuli na Mwanahija, yeyote kati yao akija, katumwa na sisi. Watu walijaa hadi barabarani.

Ziada aliinuka mkekani, akafungua tena maelekezo ya kampuni ya kutuma. Yalikuwa yamesema hivyohivyo, ila alipita juu juu: tangazo la namna hiyo liwe moja tu kwa kila jina la tovuti. Yakiwa mawili, walinzi hawachagui, wanayaacha yote.

Akafuta la pili. Akalifungua la kwanza na kuzitaja humo kampuni zote mbili. Kisha akaweka na sahihi ya siri, ambayo kampuni mpya huitia kwenye kila barua ili walinzi wajue haijachezewa njiani.

Asubuhi akatuma upya barua zote kumi na mbili, akaenda kukaa na Benadetha jikoni. Hakuna aliyetaka chai. Simu ilipolia, Benadetha alimsukumia Ziada aipokee.

"Nimeipata!" Maria alikuwa anapiga kelele. "Wenzangu nao wananipigia, wameipata! Haya, tuandalieni huyo samaki!"

Walikuja wote. Maria alishuka garini na barua yake mkononi, ameichapisha na kuitia kwenye plastiki kama cheti cha ndoa.

Tangu hapo Ziada anaitwa na vikundi na maduka hadi Lindi mjini. Anapoingia kwenye tovuti ya mtu, kitu cha kwanza anachotazama ni kama kuna matangazo mawili. Ndoto yake ni chumba kimoja chenye meza na umeme wa uhakika, awafundishe jioni wasichana wanaoshinda kwenye vitumbua. "Wataingia na mafuta vidoleni," anasema. "Sabuni nitaweka mlangoni."

Kabla ya hapo kuna jambo jingine. Baada ya Ramadhani anaolewa na Rashidi, mwalimu wa shule ya msingi huko Kitomanga. Familia ya Rashidi imeomba kumtuma mwalikaji wao, shangazi yake.

"Waje," anasema Bi Mwanahija. "Mimi mama wa bibi harusi sipiti mialiko. Kwetu atapita Batuli. Lakini tangazo ni moja, limewataja wote wawili, na limeshatoka."

Kwa marafiki wa mbali, Ziada ameandaa mwaliko wa barua pepe. Wa kwanza anaujaribu sasa hivi, kutoka juu ya mbuzi yake.

"Fauzia! Imeingia?"

Fauzia, ambaye gauni la harusi hiyo limo kwenye cherehani yake, anasoma mwaliko mpaka mwisho. Anaitua simu taratibu.

"Imeingia sebuleni," anajibu. "Lakini mimi siji mpaka Bi Batuli anipigie hodi."