Tope la Shimo la Mama

Kwetu Chwaka tunashuku hata chai. Mama huionja kwanza kwa ncha ya ulimi, hata kama aliyeipika ni mwanawe wa kumzaa. Kwa hiyo nilipomwomba tope la shimo lake la makumbi, jibu nilikuwa nalijua.

"Unalitakia nini?"

Nilikuwa nafanya kazi kwenye maabara moja mjini. Tulikuwa tunatafuta bakteria wanaoozesha mimea, na hasa vimeng'enya vyao, yaani vile vitu wanavyovitoa ili kulainisha sehemu ngumu za mmea. Mkuu wangu alitaka kujua kama vinaweza kuyavunjavunja mabua yanayotupwa mashambani. Mimi nikakumbuka pwani ya kwetu. Wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye tope, huyakandamiza kwa mawe, na huyaacha miezi mingi yaoze. Wakiyafukua huyaponda, wakapata usumba wa kusokotea kamba. Nyuzi hubaki nzima. Kinacholiwa ni ile gundi inayozishika. Basi walaji wake ndio niliokuwa nawatafuta.

Nikamweleza mama yote hayo, neno "vimeng'enya" nikilitamka kwa mbwembwe za msomi.

"Kumeng'enya nnakujua, tunameng'enya mkate," alisema. "Leo mnataka tope. Kesho mtanambia na shimo lenu."

Hata mimi mkuu wangu sikumwamini sana.

Nikaliiba. Asubuhi moja maji yamekupwa, mama yuko mazikoni, nikaondoa mawe na kuchimba mpaka mkono ukazama begani. Harufu ya yai viza ikanipanda kichwani. Nilijaza chupa mbili, nikachukua na kumbi moja. Mara nikaona kanga ya mwanamke inapita nyuma ya mikoko. Nikarudisha tope na mawe ovyo ovyo, nikarudi mjini.

Maji makubwa ya bamvua yalipokuja yaliyasukuma yale mawe. Mama alikuta shimo liko wazi, makumbi mengine yamechukuliwa na maji, na yaliyobaki yalikuwa magumu, hayapondeki. Wale bakteria hufanya kazi pasipo na hewa, na mimi ndiye niliyewafungulia mlango. Nilikuwa nimerudi kumsaidia, nimekaa naye, kigongo mkononi, naponda na kujua.

Mama hakunitazama mimi. Alitazama shimo la jirani, lililopangwa mawe yake vizuri. Lilikuwa la shoga yake wa tangu utotoni, ambaye nilipozaliwa, mama akiwa mgonjwa, ndiye aliyeninyonyesha. Ni mama yangu wa ziwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama alisema.

Salamu zikakatika. Mwezi wa Ramadhani, shoga yake alileta sahani ya futari kama kila mwaka, na mama akanituma niirudishe vilevile ilivyokuja. Sijapata kubeba kitu kizito kama ile sahani. Mama yangu wa ziwa aliipokea, akanitazama machoni, akasema, "Haya, mwanangu." Basi. Njia nzima nilijiuliza ile kanga ya kwenye mikoko ilikuwa ya nani. Kama aliniona, mbona hasemi? Ananiwekea siri hii kwa nini? Nikaanza kumshuku kwa wema wake, na hilo ndilo ninalolionea haya mpaka leo.

Baada ya Idi nikashindwa kustahimili. "Mama, ni mimi niliyelifukua shimo."

"Kakupa nini?"

"Nani?"

"Huyo aliyekutuma uje useme hivyo."

Niliapa. Hakuniamini. Wiki iliyofuata nikamletea chupa moja ya lile tope kutoka maabara. Akafungua kifuniko, akainusa, akafunga, akafungua tena akanusa kwa muda mrefu. Niliogopa atasema ni tope la mtu mwengine.

"Langu," alisema.

Akaifunga chupa, akaiweka chini. Kisha akajitanda kanga yake, akanishika mkono kama mtoto mdogo, na tukavuka uwanja mpaka mlango wa jirani. Ndani kulikuwa na mlio wa kigongo kinaponda makumbi.

"Hodi," mama alisema.

Kigongo kikanyamaza. "Nani?"

Katika mlango ule mama hajapata kuulizwa yeye nani. Hodi yake ilikuwa inajibiwa karibu kabla haijesha.

"Jibu wewe," akanambia. "Mie sina uso."

"Mwanao," nikasema.

"Yupi? Niliyemnyonyesha, au yule wa kwenye mikoko?"

Mama akauachia mkono wangu.

"Ni huyo huyo mmoja," nikasema, na mlango haukufunguliwa upesi.